Hitsinki mpya (kipoza-joto cha prosesa) kwenye kompyuta yangu ya kuediti, niliifunga mara mbili Jumamosi moja

Mwezi wa tisa hapa Kigoma mvua bado hazijashika, jua linapiga bati tangu saa nne asubuhi, ikifika saa nane mchana chumba changu cha kazi pale Mwanga kina nyuzi 31 hivi, nina kipimajoto ukutani ndo maana nasema kwa uhakika. Humo ndo naediti video za harusi. Na mwezi huohuo ndo harusi zinapandana, watu wameshauza mazao, ndugu wanavuka kutoka Kongo na Burundi, kwa hiyo mashine inakesha na mimi nakesha nayo.

Sasa mashine ikaanza kuzima yenyewe. Umeme upo, taa inawaka, feni ya chumba inazunguka, ila katikati ya kurenda, yaani kompyuta inapoitoa video iliyoeditiwa iwe faili moja, unasikia "tap" skrini nyeusi. Mara ya kwanza nikaacha ipite. Mara ya pili nikashuku pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani. Mara ya tatu ilikuwa video yenye urefu wa masaa matatu imeshafika asilimia 80 na kitu, na siku hiyohiyo mama wa bibi harusi wa kule Ujiji alikuwa ameshapiga simu mara mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, vipi ile video? Wageni wetu wa Bujumbura wanaondoka wiki ijayo, wanataka waende nayo."

Nikamwambia mama nipe mpaka Jumapili, wageni hawataondoka mikono mitupu. Ahadi nikaitoa, mashine yenyewe haikai hewani hata lisaa.

Nikaweka programu ya kusoma joto, HWiNFO, ni ya bure, nikaanza kurenda huku naangalia namba. Ndani ya dakika nne prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa nyuzi 100. Prosesa yangu ni Intel i7-4790, ya mwaka 2014, kori nne (sehemu nne zinazofanya kazi pamoja), inaanzia gigahezi 3.6 na inaweza kupanda mpaka 4.0. Kwa hii prosesa nyuzi 100 ndo mwisho, ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, na kweli nikaona gigahezi zinashuka mpaka chini ya 3, na joto likizidi kupanda hata baada ya kupunguza spidi basi inakata kila kitu ghafla. Ile "tap" ndo hiyo. Kwa hiyo ilikuwa inajiokoa, na mimi kila ikijiokoa nabonyeza tena pawa.

Hebu fikiria hivi, hii prosesa imeandikiwa wati 84. Zile balbu za zamani za wati 60 ukiishika inawaka unaungua vidole, na balbu ina uso mkubwa wa kutolea joto. Prosesa ukitoa ule mfuniko wa chuma wa juu, kipande chenyewe kinachofanya kazi ni kama ukucha wa dole gumba. Wati 84 kwenye ukucha. Lile joto lisipopata pa kwenda sekunde hiyohiyo hakuna namna.

Nikafungua keizi. (Hapa kwetu wengi boksi zima tunaliita sipiyu, ukienda dukani ukasema unataka kubadilisha kipoza-joto cha sipiyu watakuuzia feni ya kuweka nyuma ya boksi, kwa hiyo sema prosesa, rahisi zaidi.) Hitsinki iliyokuwepo ni ile ndogo ya duara inayokuja na prosesa, alumini fupi na feni juu yake, inashikwa na miguu minne ya plastiki unayoibonyeza mpaka ilie "ka". Vumbi jekundu limejaa kati ya vibati vyake mpaka huoni mwanga upande wa pili, hilo nililitegemea, vumbi letu hapa mnalijua. Ambalo sikulitegemea ni kwamba mguu mmoja ulikuwa umevunjika ncha. Unaonekana umekaa, ukiugusa unacheza. Yaani hitsinki ilikuwa imelalia prosesa kwa miguu mitatu, upande mmoja umenyanyuka kidogo tu, huwezi kuona kwa macho. Na chini yake aliyeifunga mwanzo, kabla mashine haijafika kwangu, alikuwa amepaka pesti ya kupitisha joto, nene kama mtu anayepaka bluubandi kwenye mkate, imekauka imekuwa kama udongo.

Nikaona kuliko kutafuta mguu wa plastiki ngoja niweke hitsinki kubwa kabisa. Mnara wa paipu nne za shaba na feni ya milimita 120. Kabla ya kuagiza nilipima mambo mawili na ninakuomba uyapime na wewe. Kwanza kimo, nikachukua futi ya kamba ya fundi cherehani jirani yangu nikapima kutoka juu ya prosesa mpaka ukingo ambapo mfuniko wa pembeni wa keizi unakaa, nikapata milimita 165. Mnara niliokuwa nautaka ulikuwa na 158. Ingekuwa keizi nyembamba mfuniko usingefunga na ningebaki na mashine iko uchi kwenye vumbi. Pili soketi, pale prosesa inapokaa kwenye bodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Ya kwangu ni LGA1150, tundu nne kwenye bodi zimeachana milimita 75 kila upande, na ndo hivyohivyo kwa 1155, 1151 mpaka 1200, kwa hiyo hitsinki moja inazunguka kwenye mashine za miaka mingi sana. Ila ukiwa na LGA1700, hizi za kuanzia mwisho wa 2021, tundu zimesogea zikawa 78, hitsinki ya zamani haiingii bila vishikio vingine, watu wananunua afu wanabaki wanatoboatoboa. Usitoboe bodi jamani, kuna njia za umeme zinapita ndani yake kama mishipa.

Nikaagiza Kariakoo, laki moja kasoro elfu tano na nauli ya kifurushi juu, ikaja na basi. Ilifika Ijumaa. Kwa reli Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200 na barabara ni safari ndefu vilevile, nilikuwa nawaza ile boksi inavyorushwarushwa, ila ilifika salama na mfuko wa skrubu haujapasuka. Sisi Kigoma vitu vya kuja kwa vipande tumevizoea, meli ya Liemba yenyewe ilijengwa Ujerumani 1913 ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku kama elfu tano, ikaletwa mpaka hapa ikaunganishwa upya ikashushwa ziwani 1915. Mimi nilikuwa na boksi moja na skrubu kumi na kitu.

Jumamosi asubuhi nikaanza. Kwanza nikairudisha ile ya zamani ifanye kazi dakika tano ili pesti ipate joto ilainike, ikiwa ya baridi inang'ang'ania. Afu nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha pawa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Miguu ya plastiki unaizungusha kufuata ule mshale uliochorwa juu yake, afu unaivuta juu. Hitsinki yenyewe usiivute kama unang'oa muhogo, izungushe taratibu kulia kushoto mpaka iachie. Kwa Intel za hivi prosesa imebanwa na fremu ya chuma haiwezi kutoka, ila wenye prosesa za AMD za soketi ya AM4 kuweni makini sana, kule prosesa ina pini kwa chini na haijabanwa kutoka juu, inaweza kung'oka pamoja na hitsinki, pini zikapinda, ukalia.

Sasa hapa ndo penye kazi. Hitsinki kubwa haishikwi na miguu ya plastiki, ina bekipleti, yaani bamba linalokaa nyuma ya bodi, skrubu ndefu zinatoka mbele zinaikamata nyuma, ubao wa bodi uko katikati kama nyama ndani ya sambusa. Mnara pamoja na feni unapita nusu kilo, na keizi ikisimama huo uzito wote unaning'inia kwa pembeni. Bila bamba la nyuma bodi ingepinda.

Keizi yangu ina dirisha nyuma ya prosesa lililokatwa kwa ajili hiyo, nikasema afadhali sitatoa bodi. Nikajaribu. Dirisha linaonyesha tundu tatu, ya nne imefunikwa na chuma cha keizi kama nusu hivi. Nikahangaika robo saa, nashika bekipleti kwa mkono wa kushoto kwa nyuma bila kuona, mkono wa kulia natafuta skrubu kwa mbele, bisibisi ikateleza ikapita sentimita moja tu kutoka kwenye vile vinjia vyembamba vya bodi. Nikasimama. Nikaweka bisibisi chini nikanywa maji.

Nikatoa bodi nzima. Nakushauri utoe tangu mwanzo, hata kama keizi yako ina dirisha zuri. Piga picha kwanza kwa simu, hasa vile viwaya vidogo vya mbele vya kitufe cha pawa na taa, maana ukivichanganya utashinda navyo. Chomoa ule waya mkubwa wa pini 24, na ule wa prosesa ulioko juu kabisa kwenye kona, huo una kishikio kidogo, kibonyeze kwanza. Kadi ya picha toa. RAM (vile vibao vya kumbukumbu) niliacha. Skrubu za bodi yangu zilikuwa nane, nikaziweka kwenye kibakuli cha chai. Bodi nikailaza juu ya boksi lake la karatasi mezani, siyo kwenye kitambaa cha nailoni wala kwenye zulia, na kabla sijaigusa nikawa nagusa chuma cha keizi kwanza kutoa umeme wa mwilini. Ikiwa mezani kila kitu kinaonekana, tundu nne wazi, bekipleti ikaingia bila kelele. Angalia tu kwamba upande wake wenye plastiki ya kuzuia umeme ndo unagusa mgongo wa bodi, maana kule nyuma kuna vincha vya lehemu kila mahali na chuma kikivigusa imekula kwako.

Kusafisha pesti ya zamani nilitumia alkoho ya isopropili kutoka duka la dawa na kitambaa cha kufutia miwani. Nilifuta mara nne mpaka uso wa prosesa ukawa unaonyesha sura yangu na maandishi yake yanasomeka. Kuna watu hapa mtaani wanapaka dawa ya meno badala ya pesti, nimeshafungua mashine mbili za hivyo, siku za kwanza inafanya kazi kweli kwa sababu ina maji, yakishakauka unabaki na chokaa.

Pesti kazi yake ni ndogo na ni kubwa. Uso wa prosesa na uso wa hitsinki ukiuona kwa macho ni laini, lakini una vishimo na mikwaruzo, na kwenye vishimo kuna hewa. Shaba inapitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Kwa hiyo pesti inaingia kwenye vishimo inafukuza hewa, basi. Pesti yenyewe ukiilinganisha na shaba iko mbali sana, shaba ni kama 400 kwa kile kipimo chao na pesti nzuri ni kama 8. Ndo maana ukiipaka nene umejenga ukuta. Nikaweka tone moja katikati, kama punje ya choroko, nikatoa karatasi ya plastiki ya chini ya hitsinki (itoe, tafadhali, wapo waliofunga nayo), nikaishusha wima.

Afu nikakosea. Nilichukua skrubu ya kwanza nikaikaza mpaka mwisho, ndo nikaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ya nne ilinisumbua kushika, ikabidi niisukume kwa nguvu. Ilishika. Nikaridhika, nikarudisha bodi, nikachomeka feni pale palipoandikwa CPU_FAN, nikawasha.

Ikawaka vizuri, kimya kabisa. Nikaanzisha renda nikakaa kwenye kiti naangalia namba. Kori ya kwanza nyuzi 91. Ya nne 76. Sikuamini. Hitsinki kubwa hivi, feni inapuliza, ukishika vile vibati vya juu ni vya uvuguvugu tu, na ndani 91. Nilijisikia vibaya kusema ukweli, nilikuwa nahesabu saa zilizobaki mpaka kesho.

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi redio, kibanda chake hakiko mbali na soko la Mwanga, nilikuwa nimeazima kwake bisibisi ya nyota yenye shingo ndefu. Kompyuta hagusi, ila ampli za nusu ya kumbi hizi za harusi zinapita mikononi mwake. Nikamsalimu, nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja tu.

"Ile rejeta yako, hiyo hitsinki, ukiishika juu ni ya moto?"

"Hapana mzee, ya vuguvugu."

"Basi joto halijafika huko. Ukiona chini panaungua na juu pamepoa, pale katikati hapagusani. Mimi nikifunga ic, kile kipande cheusi cha ampli kinachopata moto, nikakaza upande mmoja kwanza, inapiga nyimbo mbili imekufa. Kaza kama nati za tairi, mwanangu."

Nikarudi mbiombio. Nikatoa bodi tena, mara hii dakika kumi tu maana mkono ulishazoea. Nilipoinua hitsinki nikaona kila kitu kimeandikwa pale pale kwenye pesti. Upande wa skrubu ya kwanza imekamuliwa imekuwa nyembamba mpaka chuma kinaonekana, upande wa skrubu ya nne bado nene, ya kijivu, ina vile vishimo vya hewa kama chapati inayopikwa. Yaani hitsinki ilikaa upande. Nikaipiga picha. Siku hizi kila nikifungua mashine ya mtu kitu cha kwanza naangalia ni hiyo alama ya pesti, inakwambia aliyefunga alifungaje hata kama ni miaka mitano iliyopita.

Nikafuta nyuso zote mbili, tone jipya (usirudie pesti iliyokwisha kandamizwa, inabeba hewa), nikashusha, skrubu zote nne nikazishikisha kwa vidole kwanza bila bisibisi. Ndo nikaanza, mizunguko miwili ya kona hii, miwili ya kona inayoitazama kwa mshazari, nahamia ile jozi nyingine, narudi. Inashuka sawasawa kama meza. Skrubu zenye spring zina mwisho wake, zikigota unajisikia mkononi, pale unaacha, hakuna haja ya kuonyesha nguvu.

Feni nikaigeuza pia, mwanzo ilikuwa inapuliza kuelekea juu, sasa nikaiweka ivute kutoka mbele ipulize kuelekea feni ya nyuma ya keizi, hewa iwe na njia moja. Feni nyingi zina mshale pembeni, kama hauna basi upande wenye fito zinazoshika mota ndo hewa inakotokea. RAM ya kwanza ilikuwa karibu sana na feni, imepita kama unene wa shilingi, ukiwa na RAM zenye makoti marefu fikiria hilo mapema.

Nikawasha. Renda ileile, chumba kilekile, ilikuwa saa tisa na nusu alasiri na kipimajoto cha ukutani 31. Dakika tano, kori zote zinacheza kati ya 67 na 70. Dakika ishirini, hivyohivyo. Spidi imekaa 3.8 haitikisiki. Nikashika vibati vya juu, vya moto. Nilifurahi kuvikuta vya moto kuliko nilivyofurahia chochote wiki ile. Zile paipu za shaba ndani hazijajaa, zina uwazi, zina maji kidogo sana na hewa imenyonywa, kwa hiyo maji yanageuka mvuke mapema, mvuke unakimbilia kwenye vibati unapoa unakuwa maji tena, yanarudi kupitia kitu kama utambi wa kibatari kilichopo kwenye kuta za paipu. Safari hiyo inazunguka usiku kucha bila mota yoyote. Lakini haianzi kama chini hapajagusana.

Chini ya joto la chumba haitashuka, hakuna feni inayoweza hiyo, kwa hiyo kama chumba chako ni 31 usitegemee prosesa ikae 25, usipoteze hela. Na ukisafirisha mashine yenye mnara kwa bajaji ilaze, upande wa bodi uwe chini, mnara usimame wima, barabara zikikurusha ule uzito usining'inie.

Video ya Ujiji iliisha kurenda Jumapili saa kumi alfajiri. Saa nne asubuhi nilikuwa kwa mama na flashi mbili, moja yake moja ya wageni, akaniwekea sahani ya ugali na mgebuka wa mawese kabla hata hajaichomeka kwenye TV.

Jumatatu nikarudisha bisibisi kwa mzee na nikamwonyesha ile picha ya pesti kwenye simu. Akavaa miwani, akaikuza kwa vidole, akaiangalia muda mrefu. Mezani kwake palikuwa na ampli imefunguliwa, ile dawa nyeupe ya ic imekauka inabanduka kama rangi ya ukuta. Sindano yangu ya pesti ilikuwa bado na zaidi ya nusu, nikamwachia.